Mwalimu Si Kanzu ya Idi

Jambo ninalotaka kulisema leo huenda likawaudhi baadhi ya rafiki zangu wa barazani. Nawaomba radhi mapema. Mimi mwenyewe limeniudhi kuliko litakavyowaudhi wao, maana lawama zake zinarudi mlangoni kwangu.

Nilikwenda Eldoret kwa ajili ya harusi. Mpwa wangu amepata mchumba huko, katika jamaa za Waislamu waliokaa mji ule tangu babu zao, na kama ijulikanavyo, mjomba hawezi kukosa. Basi tukatoka Mombasa kwa gari la moshi mpaka Nairobi, kisha tukashika basi, tukapita Nakuru na kupanda mpaka Timboroa, ambako baridi iliniingia ndani ya mifupa na shali yangu isinifae kitu. Mji wa Eldoret zamani ulikuwa ukiitwa Sixty-Four, yaani Shamba Nambari 64, enzi za Makaburu waliofika huko na magari ya ng'ombe mwaka 1908. Tangu Agosti 2024 ni jiji kamili, na kwa hakika umejaa magari na majengo ya ghorofa, mengine yamejengwa kwa fedha za miguu ya watu.

Usiku, baada ya nikaha kwisha na pilau kuliwa, wanaume tukakaa uani na kahawa. Mazungumzo ya wanaume mwajua yanakokwenda: siasa kidogo, bei ya mahindi, kisha mpira. Kijana mmoja wa jamaa, aliyesoma Marekani, akatueleza habari za mwalimu mmoja wa mpira wa huko aitwaye Nick Saban. Si mpira wetu huu wa miguu, bali ule wa Kimarekani, ambao mpira wenyewe una ncha mbili kama ndimu kubwa, hushikwa mikononi, na wachezaji huvaa kofia ngumu na kugongana kama mafahali. Mtu huyo mshahara wake ulipita dola milioni 10 kwa mwaka, na hali alikuwa akifundisha wanafunzi wa chuo! Uwanja wa chuo hicho unachukua watu 100,000. Kasarani yetu haiufikii.

Kijana akatusimulia maisha yake kama mtu asimuliaye safari za Sindbad. Mwaka 1990 alikuwa mwalimu mkuu wa timu ya Toledo, msimu mmoja tu akaondoka. Akaenda Cleveland kuwa msaidizi katika timu ya kulipwa. Akarudi vyuoni, Michigan State tangu 1995 hadi 1999, kisha Louisiana State tangu 2000 hadi 2004, na huko akapata ubingwa wa vyuo msimu wa 2003. Fedha za Miami zikamvuta, 2005 na 2006, timu ya kulipwa hiyo, asifue dafu. Desemba 2006 akawaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba haendi Alabama. Januari 2007 akawa Alabama. Hapo uani pote watu wakacheka, na mmoja akasema huyu angefaa kugombea ubunge.

Kwa jumla alipata ubingwa mara saba hata alipostaafu Januari 2024. Vijana wakavutiwa sana, na fahamu zao zote zikawa kwenye zile milioni 10. Lakini mzee mwenye nyumba, ambaye muda wote alikuwa kimya akichezea tasbihi, akauliza swali moja: "Huko alikopata ubingwa mwingi, alikaa miaka mingapi?" Kijana akahesabu kwa vidole. Alabama alikaa misimu 17, na katika mataji saba, sita aliyapata huko. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia alichokitarajia. Akasema kesho, akipenda Mungu, atanichukua nikaone kwao.

Asubuhi tukapanda matatu kwenda Iten, kiasi cha kilomita 35 kutoka Eldoret. Njia inapanda hata ukafika kwenye ukingo wa bonde la Kerio, na nchi ikakatika ghafula chini yako kama ukuta wa Ngome ya Yesu, ila mara mia kwa urefu. Mlangoni mwa mji kuna tao lililoandikwa kwamba hapa ndipo nyumbani kwa mabingwa. Mimi sipendi majigambo, lakini kabla hatujashuka nilikuwa nimekwisha hesabu makundi manne ya wakimbiaji kando ya barabara, wakipita kimya, miguu yao haitoi sauti, vumbi jekundu likiwafuata nyuma.

Pale ipo shule ya wavulana ya St. Patrick's. Katika uwanja wake imepandwa miti kwa majina ya wanafunzi waliokuwa mabingwa. Ukipita chini yake wapita chini ya historia ya mbio za dunia.

Mwaka 1976 alikuja kwenye shule hiyo mwalimu wa jiografia kutoka Ireland, Bradha Colm O'Connell. Tutazame vizuri jambo hili. Hakuwa mkimbiaji, na hakuwa amesomea kufundisha mbio. Mbio pale shuleni zilikuwa zikiangaliwa na Mwingereza kijana, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyepata medali ya shaba ya mita 10,000 Montreal mwaka huohuo wa 1976. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia bradha. Angeweza kusema, mimi si fundi wa jambo hili, tafuteni mwingine. Badala yake akachukua saa ya mkononi, akasimama kando ya uwanja, akaanza kutazama. Alijifunza kwa wanafunzi wake wenyewe: huyu ashika mabega vipi, yule achoka wapi, nani ahitaji kupumzishwa ingawa hasemi.

Na mwajua ulikuwa wakati gani? Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Ikasusia tena ile ya Moscow mwaka 1980. Kwa hiyo mtu yule alifundisha watoto mbio katika nchi ambayo kwa miaka mingi haikupeleka mkimbiaji hata mmoja kwenye Olimpiki. Hapakuwa na picha ya kutundika wala gazeti la kusifu. Kamati yetu ingekuwa pale, ingekuwa imekwisha mfukuza mara tatu.

Nitasema waziwazi, ili nisije nikaeleweka visivyo: huyu ni bradha wa Kikatoliki, na mimi ni Mwislamu mtoto wa chuo cha Kurani. Simsifu kwa dini yake. Nasifu kukaa kwake. Na wala sisi si wageni wa jambo hili. Walimu wetu wa vyuoni, wale wa mikeka na ubao, walikaa kibarazani palepale miaka arobaini, akasoma kwao baba, akasoma mwana, akasoma mjukuu. Hakuna aliyeitisha kikao kumwondoa maalimu kwa kuwa mwaka huu watoto hawakuhitimu wengi.

Mmoja wa waliosoma St. Patrick's ni Ibrahim Hussein, kijana wa Nandi. Wazee wenzangu wa Mombasa watakumbuka jina hilo lilivyotutia furaha. Mwaka 1987 alishinda marathoni ya New York, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1988 akashinda Boston, tena Mwafrika wa kwanza, kwa saa 2 dakika 8 na sekunde 43, akimtangulia Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja tu. Ibrahim na Juma! Barazani kwetu kulikuwa na mtu aliyeapa kwamba mbio zile zilikuwa za Lamu. Akashinda Boston tena 1991 na 1992. Katikati ya safari yake alipitia chuo kikuu cha New Mexico, maana Wamarekani hawakukawia kujua pana kisima wapi, nao wakaja na ndoo zao.

Mwaka huohuo wa 1988, Seoul, Peter Rono wa shule hiyohiyo akachukua dhahabu ya mita 1,500 akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1992 Barcelona, Matthew Birir akachukua ile ya kuruka viunzi na maji. Nawapita wengine, na wasichana pia ambao mwalimu aliwaangalia hapo Iten, kama Janeth Jepkosgei aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007, kwa kuwa nikiwataja wote gazeti litakwisha. Lakini hili la mita 800 halipitiki. Mwaka 1997 Wilson Kipketer, mwanafunzi wa zamani wa St. Patrick's ambaye wakati ule alikuwa akiikimbilia Denmark, aliweka rekodi ya dunia ya dakika 1 sekunde 41.11. Rekodi ile ikakaa miaka 13. Aliyeivunja mwaka 2010 ni David Rudisha, naye mwanafunzi wa mwalimu yuleyule. Tarehe 9 Agosti 2012, London, Rudisha akaishusha hata 1:40.91 na kuwa mtu wa kwanza kukimbia chini ya dakika 1 na sekunde 41. Yaani rekodi ilitoka mkono wa kulia wa mwalimu ikaingia mkono wake wa kushoto.

Baba yake Rudisha, Daniel, mwenyewe alikuwa na medali ya fedha ya Olimpiki ya Mexico 1968, katika mbio za kupokezana za mita 400 mara nne. Nyumba ile haikuwa na upungufu wa mkimbiaji. Juu ya hayo mwana alikwenda kufunzwa na mwalimu wa watu. Mafundi wetu wa milango ya nakshi wajua sababu: mwana wa fundi hapati ufundi kwa baba yake, apelekwe kwa fundi mwingine akapigiwe kelele huko.

Najua kitakachosemwa. Nimekisikia tangu niko mtoto: kule ni juu, hewa ni nyembamba, watu wa kule wameumbwa hivyo, sisi wa Pwani tumeumbwa kwa kukaa. Hapana shaka kimo kina kazi yake. Mimi mwenyewe nilipanda ngazi za nyumba ya arusi nikahema kama punda wa Lamu. Wala sisemi mbio zilianza na bradha. Kipchoge Keino, ambaye uwanja wa Eldoret una jina lake, alikuwa amekwisha chukua dhahabu Mexico mwaka 1968. Lakini milima mirefu imejaa duniani, mingine ni mirefu kuliko Iten, na haikutoa Rudisha. Kimo peke yake ni kama tanga bila nahodha.

Na anayedhani ni bradha peke yake, aende upande wa pili wa Eldoret, Kaptagat. Huko yuko Patrick Sang, aliyekuwa wa pili nyuma ya Birir siku ile ya Barcelona. Yeye alipata elimu yake chuo kikuu cha Texas, angeweza kubaki huko akala maisha. Alirudi akawa mwalimu. Kijana mmoja jirani yao kule Nandi alimwendea kuomba ratiba ya mazoezi, akamwandikia. Kijana huyo ni Eliud Kipchoge. Akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 Paris mwaka 2003, akachukua dhahabu ya marathoni Rio 2016 na nyingine katika michezo ya Tokyo iliyofanywa 2021, na mwaka 2019 kule Vienna akamaliza kilomita 42 chini ya saa mbili, ingawa mbio zile hazikuhesabiwa kuwa rekodi. Zaidi ya miaka ishirini, mwalimu mmoja. Kati ya Paris na Rio ni miaka 13, na mwaka 2012 alikosa hata nafasi katika timu ya Kenya. Katika miaka hiyo mwalimu angeweza kutimuliwa mara ngapi?

Sitaki mtu adhani kule ni peponi. Fedha zilipokuja kwa wingi zilileta na wenye haraka. Tarehe 24 Machi 2007 dunia nzima ilikuja Mombasa kwa mbio za nyika, pale uwanja wa gofu, nami nilikuwapo kwenye jua lile lililomfanya hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia ashindwe kumaliza. Aliyeshinda mbio za vijana siku hiyo ni Asbel Kiprop, tukampigia makofi hata mikono ikauma. Miaka kumi na miwili baadaye, 2019, alifungiwa miaka minne kwa ajili ya dawa zilizokatazwa. Nayasema haya kwa huzuni. Mtu wa kukaa haponi kwa kila kitu, ila naona dawa zile ni ndugu wa haraka, na haraka ndiyo ugonjwa wenyewe ninaouzungumzia.

Siku ile ya 2007 sikumbuki kumwona mtoto hata mmoja wa kisiwani miongoni mwa waliokimbia. Tulikuwa watazamaji uwanjani mwetu wenyewe. Na katika mpira, tulioufanya kuwa wetu, mambo yakoje? Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965. Nilikuwa mtoto, nakumbuka watu wazima wakilia barabarani. Bandari walikaribia msimu wa 2018 na 2019, wakawa wa pili. Miaka yote hiyo katikati, watoto wenye vipaji tunao, hilo hata mtu wa Bara atakukubalia. Nenda pwani yoyote jioni maji yakitoka, utazame.

Sasa nifike pale nilipokuwa nikipaogopa.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya klabu moja ya mtaa, hapa kisiwani. Jina nalihifadhi. Klabu hii ilikuwa na mwalimu, mtu wa makamo, fundi wa majokofu kwa kazi yake. Alifundisha watoto wetu miaka tisa bila ya mshahara, ila nauli na siku nyingine hata hiyo hakuipata. Alikuwa na masharti: mtoto aliyekosa shule hachezi, na aliyekosa chuo hachezi. Mazoezi yake yalikuwa ya kuchosha, yaleyale kila siku, kupiga mpira ukutani kwa mguu ule usioujua. Wazazi walilalamika kwamba hana mambo mapya.

Ramadhani moja tulifika fainali ya mashindano ya usiku, yale yanayochezwa baada ya tarawehe. Tukashindwa kwa penalti. Wiki hiyohiyo kikao kikaitwa. Ikasemwa kwamba mwalimu amepitwa na wakati, kuna kijana aliyepata cheti Nairobi, ana kompyuta. Mwenyekiti akauliza wanaokubali wanyanyue mikono. Nilinyanyua. Wala sikuwa na hoja. Nilinyanyua kwa kuwa wa kulia kwangu amenyanyua na wa kushoto amenyanyua, na chakula kilikuwa kikipoa.

Yule wa cheti alikaa miezi minne. Tangu hapo, katika miaka mitatu, tumekuwa na walimu watano. Twawabadilisha kama kanzu, kila Idi mpya. Kijana aliyekuwa na mguu wa kushoto wa ajabu sasa aendesha tuktuk, na si kwamba kazi hiyo ina aibu, lakini alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa bado hajamaliza kujifunza. Wawili unga umewachukua. Sisemi mwalimu yule angewaokoa, hilo alijuaye ni Mungu. Nasema alikuwa akiwahesabu kila jioni, na alipoondoka hapakuwa na wa kuwahesabu.

Niliporudi kutoka Eldoret, siku ya tatu nilikwenda dukani kwake. Nilipita mara mbili kabla ya kuingia. Alikuwa ameinama nyuma ya jokofu bovu, akaniona, akafuta mikono, akanipa kigoda, akatuma kahawa. Habari ya kikao kile hakuitaja, na mimi nilipoanza kuitaja alinikata kwa kuuliza habari za safari. Kisha akaniuliza habari za watoto, mmoja mmoja kwa majina yao. Alikuwa nayo yote, majina ishirini na kitu, na wale wawili alikuwa anazo habari zao kuliko mimi, maana huwaendea.

Kikao cha klabu kingine ni Ijumaa hii, baada ya sala ya alasiri. Nimeletewa karatasi ya ajenda. Ya tatu imeandikwa kwa neno moja, "Mwalimu", na sote twajua maana yake, kwa kuwa tumepoteza michezo mitatu mfululizo. Mwalimu tuliye naye sasa ana miezi saba. Nitanyanyua mkono safari hii kabla ya mwenyekiti hajauliza, niombe fundi wa majokofu aitwe akae naye, mmoja mzee na mmoja kijana, na waachwe miaka mitano bila ya kuguswa. Nimewahesabu wajumbe. Mpaka sasa tuko wawili.